Mwigizaji Aliyejua Kunyamaza: Kazi ya Michael Cacoyannis

Mjomba wangu aliendesha mashine ya sinema hapa Mombasa kwa miaka mingi, enzi zile ambapo watu walivaa nguo zao za Idi kwenda kutazama filamu Regal, Majestic au Lotus, na mpaka leo hatazami filamu kama tunavyotazama sisi tuliozaliwa baadaye. Sisi hufuata hadithi. Yeye, ambaye alilazimika kuitazama filamu moja mara nyingi mno kupitia kidirisha cha chumba cha mashine, aliichoka hadithi siku ya pili na akabaki kutazama nyuso za watu. Jumapili moja, kusi ikivuma na mbao za madirisha ya nyumba yake ya Mji wa Kale zikigongana, nilimpelekea tarakilishi yangu ili tutazame pamoja Iphigenia, filamu ya mwelekezi Michael Cacoyannis ya mwaka 1977, kwa kuwa nilikuwa nikiitumia kuwaandaa wanafunzi wangu wa michezo ya kuigiza. Filamu hiyo huanza na jeshi la Wagiriki lililokwama pwani ya Aulis, maelfu ya wanaume wamelala mchangani juani, merikebu zimetulia kama zilizojengwa juu ya nchi kavu. Hakuna aliyekuwa amesema neno la maana bado, na maandishi ya tafsiri mjomba hakuyasoma, lakini alisema, "Hawa wangojea upepo." Kisha, baada ya muda, akaongeza, "Mwanangu, aliyeitengeneza hii aliwahi kusimama jukwaani mwenyewe. Mtazame anavyowaacha watu wanyamaze."

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu maisha ya Cacoyannis. Neno lake hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika haya, kwa sababu katika mengi yaliyoandikwa juu ya mwelekezi huyu, miaka yake ya uigizaji hutajwa kwa mstari mmoja, kama kituo kidogo ambapo gari lilisimama kidogo likaendelea na safari, ilhali mimi naamini kwamba kila kilicho bora katika filamu zake kilitoka katika miaka hiyo.

Alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa bandari wa Limassol, kisiwani Saiprasi, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Waingereza kama ilivyokuwa pwani yetu. Baba yake alikuwa wakili mwenye jina kubwa, na kama ilivyo desturi ya mababa wa aina hiyo kila mahali, alimpeleka mwanawe London asomee sheria. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta huko. Kijana huyo alifanya kazi katika idhaa ya Kigiriki ya BBC, akitayarisha vipindi kwa ajili ya wasikilizaji ambao nchi yao ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na baadaye akaiacha sheria akajiunga na shule ya uigizaji ya Old Vic. Alipanda majukwaa ya London kwa jina la Michael Yannis, na miongoni mwa nafasi alizopewa ilikuwa ile ya mfalme Caligula katika mchezo wa Albert Camus. Uigizaji wake haukudumu sana. Lakini mtu aliyewahi kusimama mbele ya hadhira huku taa zikimpiga usoni, akajua kwamba wakati mwingine neno moja huharibu kile ambacho jicho limekwisha kukisema, hawezi kuisahau elimu hiyo atakapokuja kuwaongoza wengine.

Alihamia Athens mwanzoni mwa miaka ya 1950, na filamu yake ya kwanza, iliyoitwa kwa Kigiriki Kyriakatiko Xypnima, yaani kuamka kwa Jumapili, ilitoka mwaka 1954. Ni kisa chepesi cha tikiti ya bahati nasibu iliyoibiwa, na wala siyo filamu ambayo ningempendekezea mtu aanze nayo, ingawa ilimpa nafasi ya kushindana katika tamasha la Cannes na ikamkutanisha na mwigizaji Ellie Lambeti, ambaye angerudi kufanya naye kazi mara mbili zaidi.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa Stella, na hapa ndipo ninapotaka kukawia. Stella ni mwimbaji katika ukumbi wa usiku wa Athens, mwanamke anayeimba nyimbo ambazo watu wenye heshima wa siku hizo walizidharau kwa kuwa ni za wahuni na za mabandani, naye anakataa kuolewa. Hana chuki na mapenzi. Anapenda, tena anapenda sana, lakini anaijua ndoa ya mtaa wake kuwa ni mlango unaofungwa kwa nje. Nafasi hiyo alipewa Melina Mercouri, na hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, huku muziki ukitungwa na Manos Hadjidakis. Msomaji wa hapa kwetu ambaye amekulia karibu na taarab atauelewa ukumbi huo mara moja: namna mwimbaji anavyoweza kutupa ubeti mmoja ukamfikia mtu mmoja katikati ya watu mia, na namna mwanamke anayeshangiliwa usiku anavyoweza kusengenywa asubuhi na watu wale wale waliomtunza. Siku ya harusi Stella haendi kanisani. Mwanamume aliyeachwa, Miltos, anamngoja barabarani alfajiri akiwa na kisu, anamwambia aondoke, na yeye anaendelea kutembea kumwelekea. Kutembea kule ndiko filamu yenyewe. Mercouri hakimbii wala halii, na Cacoyannis hamharakishi. Anamwacha apige hatua zake zote, mpaka mtazamaji anatamani mtu fulani afungue dirisha apige kelele. Ni mwigizaji tu, nadhani, awezaye kujua kwamba tukio la namna hiyo liko miguuni mwa mtu na halihitaji maneno.

Filamu ya 1956, Msichana Aliyevaa Nyeusi, ilipigwa kwenye kisiwa cha Hydra. Mgeni anafika kutoka mjini, anapanga chumba katika nyumba ya mjane na binti yake ambao kijiji kizima kinawacheka, na mzaha wa vijana wa bandarini unaishia kuwaua watoto majini. Mpiga picha alikuwa Walter Lassally, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Uingereza, na jinsi alivyozipiga zile nyumba nyeupe na yale mavazi meusi katika jua kali ilinikumbusha vichochoro vyetu vya Mji wa Kale saa sita mchana, wakati ukuta wa chokaa unapoumiza macho na buibui linapopita kama kivuli kilichojitenga na mwili wake. Nyeusi ya kule ni ya msiba na ya kwetu ni ya stara, kwa hiyo sitaki kuzichanganya. Lakini namna rangi moja inavyoweza kumficha mwanamke na wakati huo huo kumfanya aonekane na kila mtu, hilo tunalijua.

Kisha ikaja Electra, mwaka 1962, nayo ndiyo iliyomweka katika safu ya mbele. Tanzia za Kigiriki zina umri wa karibu miaka 2,500, na wengi waliojaribu kuzipeleka kwenye filamu walibeba jukwaa lote wakaliweka mbele ya kamera: nguzo, mashuka meupe, na sauti kubwa. Cacoyannis aliuchukua mchezo wa Euripides akautoa nje, kwenye vilima vikavu vya Mycenae, penye mawe, vumbi na wakulima. Mwanzo wa filamu hiyo huwaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka. Mfalme Agamemnon anarudi kutoka vitani, anapokewa nyumbani, anaingia bafuni, anauawa na mkewe na mpenzi wa mkewe, na katika muda wote huo hakuna mtu anayesema hata neno moja. Euripides aliandika maneno, tena maneno mazuri, na mwelekezi aliyempenda kiasi cha kumrudia mara tatu alithubutu kuanza kwa kimya.

Jambo la pili alilolifanya ni lile la waitikiaji. Katika tanzia ya kale kulikuwa na kundi lililoimba na kucheza kati ya matukio, likishangaa, likionya na kuomboleza, na kwenye filamu kundi hilo huwa tatizo kubwa, kwa maana watu kumi na watano wanaosema kwa pamoja huonekana vibaya mbele ya kamera inayotaka ukweli. Yeye aliwageuza kuwa wanawake wa kijijini, waliojifunga vitambaa vyeusi kichwani, ambao mara nyingi hawana la kufanya ila kusogea pamoja, kugeuza vichwa pamoja, na kuliacha neno lipokewe na mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyewahi kuona wanawake wetu wakipiga vugo, mmoja akianza na wengine wakiitikia huku pembe zikigongwa, hahitaji kuelezwa na profesa kazi ya waitikiaji ni ipi. Katikati yao alisimama Irene Papas, akiwa Electra, binti wa mfalme yule aliyeuawa, ambaye uso wake, wenye nyusi nzito na macho yasiyoomba huruma, ulikuwa tangu hapo kama ala ambayo Cacoyannis alijua kuipiga kuliko mwingine yeyote. Mikis Theodorakis ndiye aliyetunga muziki, naye pia angeendelea kuwa mwenzake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1964, akatengeneza Zorba the Greek, kutokana na riwaya ya Nikos Kazantzakis, na dunia nzima ikamjua. Aliielekeza, akaandika mwongozo wake, akaihariri na kuwa mtayarishaji wake, na kwa kazi hiyo aliteuliwa yeye mwenyewe kuwania tuzo tatu za Oscar. Hakupata hata moja, ila filamu ilishinda tatu: ya Lila Kedrova kama mwigizaji msaidizi wa kike, ya Lassally kwa upigaji picha, na ya Vassilis Photopoulos kwa usanifu wa mandhari. Watu wengi, hata hapa Mombasa, wanaujua muziki wa mwisho ambao huanza polepole kisha ukashika kasi, na ile ngoma ya wanaume wawili ufukoni, Anthony Quinn na Alan Bates wakishikana mabega. Ngoma hiyo, sirtaki, haikuwa ya mababu. Iliundwa kwa ajili ya filamu kutokana na ngoma ya kale ya hasapiko, na Quinn mwenyewe alisimulia kwamba aliburuta mguu kwa sababu alikuwa ameuvunja. Siku hizi huchezewa watalii kila mahali kama ngoma ya asili. Sisi tunaoishi karibu na mahoteli ya ufukweni tunaijua hali hiyo ya kipande kimoja cha utamaduni kukatwa, kusafishwa na kupewa wageni pamoja na maji ya madafu, na inanisikitisha kwamba jambo hilo limeificha filamu iliyo ngumu na yenye giza kubwa.

Kwani ndani ya Zorba mna mjane. Kijiji cha Krete kinamtaka na kinamchukia kwa sababu hamtaki yeyote wao. Kijana mmoja anajiua baharini kwa ajili yake, na siku ya mazishi wanamzingira nje ya kanisa wakimpiga mawe. Papas ndiye mjane huyo, na sidhani kama katika filamu nzima anasema maneno yanayotosha kujaza ukurasa mmoja. Zorba anafika, anapigana, anamshinda aliyeshika kisu, na pale mtazamaji anapovuta pumzi, baba wa marehemu anamkata mjane koo. Yule Mwingereza aliyempenda amesimama pembeni asiweze kufanya lolote. Mjomba, ambaye ndiye aliyenisimulia tukio hili kwa mara ya kwanza nikiwa msichana mdogo, hakulisimulia kwa kutaja kisu. Alisimulia nyuso za wazee waliosimama kutazama. Baadaye katika filamu hiyo Madame Hortense, yule mwanamke mzee wa Kifaransa anayechezwa na Kedrova, yuko kitandani akikata roho, na wanawake wa kijiji wamekwisha kuingia chumbani wakingoja apumue mara ya mwisho ili wachukue vyombo vyake. Kedrova alipewa nafasi hiyo baada ya Simone Signoret kujiondoa, na sasa haiwezekani kumfikiria mwingine. Ndipo ngoma ya ufukoni inakuja: baada ya maiti mbili, na baada ya mitambo ya kuteremsha magogo kuporomoka na kuteketeza mali yote. Anayeitazama ngoma hiyo bila mjane na bila Hortense hajaitazama.

Filamu iliyofuata, ya mwaka 1967, kuhusu mabomu ya nyuklia yaliyoangukia kisiwa cha watalii, haikufaulu, nami sioni sababu ya kuitetea. Mwaka huo huo, tarehe 21 Aprili, makanali wa jeshi walitwaa serikali Ugiriki. Muziki wa Theodorakis ukapigwa marufuku, na Cacoyannis akaishi nje ya nchi. Ndiyo maana The Trojan Women, filamu ya mwaka 1971 inayohusu wanawake wa mji ulioteketezwa wakingoja kugawanywa kwa washindi, ilipigwa Uhispania. Ina waigizaji ambao kila mmoja angetosha kubeba filamu yake peke yake: Katharine Hepburn, Vanessa Redgrave, Geneviève Bujold, na tena Irene Papas, safari hii akiwa Helen, mwanamke ambaye vita vyenyewe vilipiganwa kwa ajili yake. Maoni yangu ni kwamba uzito wa majina hayo uliilemea kidogo, na kwamba maneno ndani yake ni mengi kuliko katika Electra, lakini pale Redgrave anapoambiwa kwamba mwanawe mdogo atatupwa kutoka juu ya ukuta wa mji, sauti inayomtoka si ya lugha yoyote.

Halafu tanzia ikaacha kuwa ya kale. Mwezi wa Julai 1974 makanali wa Athens walichochea mapinduzi dhidi ya Rais Makarios wa Saiprasi, yule yule askofu ambaye Waingereza waliwahi kumhamishia Ushelisheli, visiwa vya bahari yetu hii hii. Siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yakaingia kisiwani, na utawala wa makanali ukaanguka. Cacoyannis alikwenda nyumbani kwao na kamera akatengeneza Attila '74, filamu ya matukio halisi yenye wakimbizi, mahema, na akina mama wanaotafuta waume na wana waliopotea. Kwake haikuwa habari ya mbali: dada yake, Stella Soulioti, alikuwa waziri wa kwanza wa sheria wa jamhuri hiyo ilipopata uhuru mwaka 1960. Wanawake wenye nguo nyeusi aliokuwa akiwapanga mbele ya kamera kwa miaka ishirini, sasa walikuja wenyewe bila kupangwa, na aliwatazama kwa jicho lile lile.

Bila Attila '74 siwezi kuielewa Iphigenia. Katika hadithi ya kale, mungu wa kike Artemi ameuzuia upepo, na kuhani anadai binti wa Agamemnon achinjwe ili merikebu ziondoke. Mwishoni, kama ilivyo katika maandishi ya mchezo tuliyorithi, mungu huyo anamwokoa binti na kuweka paa mahali pake. Cacoyannis aliliondoa paa. Katika filamu yake mna wanaume wanaotaka vita, kuhani mwenye kinyongo, jeshi lenye njaa, na baba anayeogopa kupoteza cheo kuliko anavyoogopa kumpoteza mwanawe. Tatiana Papamoschou, aliyemwigiza Iphigenia, alikuwa msichana mdogo kweli kweli, siyo mwanamke aliyevishwa utoto, na hilo hufanya mazungumzo yote ya heshima na taifa yasikike kama matusi.

Sisi wa pwani tunaijua tanga iliyolegea. Wazee wetu walipanga safari, biashara na hata harusi kwa kungoja kaskazi ilete majahazi na kusi iyarudishe, na hapakuwa na nahodha aliyedhani kwamba upepo unaweza kununuliwa kwa damu ya mtoto. Labda ndiyo maana mjomba alikaa kimya sana katika nusu saa ya mwisho. Binti anapanda ngazi kuelekea madhabahuni, kuhani anamshika, na katika dakika hiyo hiyo upepo unaanza. Askari wanashangilia. Agamemnon anakimbia kupanda, anafika juu, na kamera haituonyeshi anachokiona. Inatuonyesha uso wake. Merikebu zinaondoka, na kinachobaki ni Irene Papas, mama wa binti, nywele zikimpiga usoni kwa upepo ule ule uliogharimu maisha ya mwanawe, akizitazama tanga zikienda.

"Rudisha hapo," mjomba alisema, nami nikarudisha, mara tatu.

Baada ya Iphigenia aliendelea kufanya kazi, zaidi katika majukwaa ya michezo na opera, akawatafsiri Shakespeare kwa Kigiriki na Euripides kwa Kiingereza, na filamu zake za mwisho, ikiwemo ile ya 1999 kutokana na mchezo wa Chekhov wa bustani ya micheri, zilikuja kwa nafasi na bila kelele. Alianzisha wakfu wenye jina lake wa kuendeleza sanaa za jukwaa na filamu, ambao jengo lake liko Barabara ya Piraeus mjini Athens. Alifariki katika mji huo tarehe 25 Julai 2011, akiwa na umri wa miaka 89.

Muhula huu wanafunzi wangu wanaandaa kipande kifupi kutoka Utenzi wa Fumo Liyongo, ule ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Tumechagua kisimani. Liyongo amedungwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, naye amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi na mshale umetiwa, na watu wa mji hawathubutu kuja kuchota maji kwa kuwa hawajui kama yu hai au amekufa. Kwa hiyo wanamtuma mama yake. Nilikuwa nimemwandikia msichana anayeigiza mama huyo kilio kirefu cha kurasa mbili. Jumatatu iliyofuata baada ya kutoka kwa mjomba nilizifuta kurasa hizo, nikawapanga wasichana wengine kumi nyuma yake wakiwa na ndoo tupu, nikamwambia atembee kutoka mlangoni mpaka kisimani kwa mwendo wake mwenyewe, wala asiseme kitu mpaka amwone mwanawe usoni. Mara ya kwanza alitembea kwa haraka mno. Tulirudia mpaka kengele ya saa kumi ilipolia, na wale kumi wenye ndoo walikuwa wameanza, bila mimi kuwaambia, kugeuza vichwa pamoja.